Kwako Tonton, Uliyeniingiza Kazini

Tonton, kaka wa mama yangu,

Tante amenituma. Jumamosi hii unatimiza mwaka mmoja kaburini. Misa imeshapangwa, viti vimeshaazimwa kwa majirani wote wa Mbugangari, na mjane wako anataka mtu wa familia asome maneno juu yako. Amenichagua mimi kwa sababu ndimi mpwa wako mkubwa, na ndimi wa kwanza uliyemwingiza kazini kabla ya wale wengine wote. "Espé, andika mambo yake ya muzuri tu," aliniambia. "Batoto ba leo habajue ile alifanya." Nikaitikia vizuri, kwa heshima zote. Tangu asubuhi nimekaa kibandani kwangu mpakani, karibu na Grande Barrière, daftari magotini, nikiwauzia chai wanaovuka kwenda Goma, na hayo mazuri hayaji. Inayokuja ni hasira tu. Basi nitaandika hiyo, na Jumamosi nitasoma hiyohiyo.

Wacha nianze na siku ya kwanza, usije ukasema nimesahau. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuja kwetu mapema, ukakuta blauzi yangu nyeupe ina mikunjo, ukachukua pasi ya makaa ukainyoosha mwenyewe, wewe fundi mkuu wa hoteli nzima. Tukashuka kwa miguu hadi ziwani. Njiani ukaninunulia sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi, tukazila tukitembea, na ukanicheka kwa kuzing'oa vichwa. Getini ukamwambia mlinzi, "Uyu ni mutoto yangu." Mtoto wako! Baba yangu alikuwa amekufa tangu tukiwa bado Congo, na hakuna mwanamume aliyewahi kunitaja hivyo mbele ya watu. Ningeweza kukufulia shati zako maisha yangu yote kwa neno lile moja.

Halafu ukanivuta pembeni, ukanishika bega.

"Sikiya, Espé. Ni miye njo nilikuleta apa. Ukikosa, ni miye nimekosa. Ukitosha maneno mubaya, ni miye nimesema. Usinipatishe haya. Umesikiya?"

Nilisikia. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kazi, Tonton. Hukuniambia kwamba mtu anayeanza kazi anapewa mkataba wa maandishi, anausoma kabla ya kutia sahihi, na nakala moja inabaki mkononi mwake. Hukuniambia kwamba wafanyakazi wana haki ya kuchagua mjumbe wao, wala kwamba wilayani kuna mkaguzi wa kazi ambaye mlango wake unagongwa bila kuombewa ruhusa na mjomba. Wewe uliyajua hayo yote. Ulikuwa na mkataba wako, umeufunga kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, Tante mwenyewe alinionyesha. Kwetu sisi uliotuleta ulileta haya tu, na tukaibeba kama kitambulisho.

Mimi ukaniweka kwenye kalandri, ile mashine ya kunyoosha mashuka. Watakaokuwa kwenye misa hawaijui, kwa hiyo nitawaeleza. Ni silinda mbili za moto zinazozunguka. Shuka bichi linaingia upande huu, linatoka limenyooka upande ule. Mbele ya silinda kulikuwa na kibao cha chuma. Vidole vikisogea karibu mno, vinakigusa kibao, na mashine inasimama yenyewe. Shida ni kwamba shuka lenye mkunjo nalo lilikigusa, na mashine ikasimama kila mara. Wiki moja, ulipokuwa umeshaleta na wengine, hoteli ilijaa wageni wa mkutano, gérant, yaani meneja, akawa anapiga kelele kwamba mashuka yanachelewa.

Ukaja na spana, huku unapiga mluzi. Ukafungua bolti nne, moja baada ya nyingine, na kila uliyoifungua ukanipa. "Shika izi." Nilinyoosha kiganja cha kulia. Zilikuwa bado na joto.

"Tonton, na mikono itakuwa namna gani?" nilikuuliza.

"Bon, we si uko na macho?"

Ukabeba kibao chako ukaenda nacho stoo. Mashine haikusimama tena. Haikusimama hata siku ile ilipopaswa kusimama, wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, nilipokuwa nanyoosha pembe ya shuka kubwa la watu wawili. Sitayaeleza yale. Wenzangu walinivuta, mmoja akachomoa waya ukutani, na baadaye nikaambiwa kwamba wewe ulikuja mbio ukavua shati lako ukanifunga nalo. Naliandika hilo pia kwa sababu ni kweli.

Siku ya tatu ukaja hospitali. Mkono mmoja ulikuwa na sambaza kwenye karatasi, kama zile za siku ya kwanza, na mwingine una karatasi ya gérant. Ukasema, "Ihangane, mwana," yaani pole, vumilia. Ukakaa kando ya kitanda, ukanimenyea sambaza kichwa kimoja kimoja kwa sababu nisingeweza. Nilipomaliza kula ukafuta vidole vyako vizuri, ukafungua ile karatasi.

Ilikuwa ya Kifaransa. Ulitegemea nisielewe, au ulitumaini tu? Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, Tonton, na wewe ndiye uliyekuwa ukiwaambia watu hivyo kwa majivuno. Ilisema mfanyakazi alikuwa akicheza na wenzake, akaingiza mkono kwenye mashine kinyume cha maagizo. Hakukuwa na neno moja juu ya kibao.

"Sikuwe nacheza," nilisema.

"Najua. Lakini kama hauandike, batauliza nani alitosha kibao. Mi nitafukuzwa, na wale bote nilileta batafukuzwa nyuma yangu. Unataka ivyo? Weka sahihi, Espé. Usinipatishe haya."

"Nitaandika na mukono gani?"

Ukaigeuzia kalamu upande wangu wa kushoto. Halafu ukasema, "Na ile ingine."

Nikaandika na ile nyingine. Jina langu likapanda na kushuka kama la mtoto wa chekechea, ukalipuliza wino ukauke, ukakunja karatasi ukaitia mfukoni. Ajali ya kazi ilipaswa kuandikwa ilivyotokea na kupelekwa kwenye hifadhi ya jamii. Yangu ikageuka upuuzi wa msichana mwenye mchezo. Waliponiruhusu kutoka, hoteli haikunitaka tena, na hapo hukunitetea. Vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia havikunjiki hadi leo. Unavijua, ulivishika kila Noeli ulipokuja kunisalimu, na kila Noeli uliangalia pembeni.

Nilipojaribu kulia mbele yako, ulinitupia hadithi ya babu. Kila aliyelalamika kuhusu kazi ulimtupia hiyohiyo. Babu yetu, wakati wa Wabelgiji, akibeba mawe ya barabara kichwani, kazi ya lazima ambayo wazee waliiita akazi, kiboko mgongoni, bila chakula, shamba lake likiota majani. "Muzee alivumiliya ile yote," ulisema. "We bamekupatia mpaka uniforme, unalia nini?" Na sote tukainamisha vichwa, maana nani angeshindana na mgongo wa babu?

Lakini Bibi aliwahi kunisimulia mwisho wa hadithi ile, mwaka alipokaribia kufa, mchana, tukichambua maharage. Aliniambia hivi: "Muzee hakuvumiliya. Asubui moja alishusha ile kikapo ya majiwe katikati ya barabara, akakuja nyumbani, akaniambia beba chungu tuende." Wakatembea hadi Masisi. Ndiyo sababu mama yangu alizaliwa Congo, na wewe pia, na mimi. Ukoo mzima umetokana na mtu aliyekataa, Tonton, na wewe ulikuwa unaijua hadithi yote. Uliikata mwisho wake kama nilivyong'oa vichwa vya sambaza, ukatulisha kilichobaki.

Nimekuchukia kwa hilo kuliko kwa mkono. Niliposikia umekufa nilikuja msibani, nikapika, nikaosha masufuria ya watu kwa mkono mmoja na nusu, na sikulia. Tante alidhani nimezidiwa na uchungu.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike haya yote, kwa sababu ningeweza kumpa Tante ukurasa wa uongo mtamu na kurudi kwenye chai yangu.

Mjukuu wako Ornella, binti yangu, ametimiza miaka kumi na tisa. Ameanza kazi kwenye duka la mikate la Mama Kévin kule Nengo. Mikate ninayouza hapa kibandani inatoka kwa Mama Kévin, tunafahamiana, kwa hiyo ni mimi niliyemwombea mtoto nafasi. Nimemleta mimi. Wiki ya pili tu, Alhamisi iliyopita, Mama Kévin akanipigia simu.

"Espé, mutoto wako iko na mudomo murefu. Anauliza contrat. Anauliza juu ya nini mufuniko ya machine ya kukanda tuliifunga na kamba. Anaambia benzake basitie mukono. Ongea naye, donc, mbele mambo iharibike."

Mashine ile ya unga ina mfuniko. Ukiufungua, mashine inasimama. Wameufunga kwa kamba ukae wazi, na swichi yake wameibana, ili watie unga bila kusimamisha. Niliyaelewa hayo yote papo hapo, Tonton, nikiwa nimeshika simu kwa kushoto. Na bado, mtoto aliporudi jioni na nywele zimejaa unga, kabla hata hajavua viatu, nilimsimamia mlangoni na nikasikia sauti yangu ikisema:

"Ornella, ni miye njo nilikuleta pale. Usinipatishe haya."

Ilitoka bila kukwama, kwa sauti yako.

Aliuangalia mkono wangu. "Maman," akasema, "we ulinambiaka uliungua juu ya kucheza. Ulikuwa unacheza mchezo gani?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Miaka yote hii nimemwambia mwanangu mwenyewe kwamba nilikuwa nacheza. Hakuna aliyenilazimisha. Wewe ulikuwa na karatasi moja. Mimi nimeirudia nyumbani kwangu kila alipouliza, tangu akiwa mdogo, hadi akaamini kuwa mama yake alikuwa mjinga. Nilimweleza yote palepale: kibao, bolti nne, sambaza, karatasi. Alilia yeye, mimi nikabaki na hasira, na nusu ya hasira ile haikuwa yako.

Ijumaa tulikwenda wote wawili Nengo. Nilimwambia Mama Kévin mbele ya wafanyakazi wake, "Nilimleta mpaka kwenye mlango. Mule ndani anajisemea mwenyewe, na anasema kweli." Akanijibu kwamba kama ndivyo, mikate nitafute kwingine. Sawa. Leo nauza chai na mandazi niliyokaanga mwenyewe, na wateja wananiuliza kulikoni. Kamba ilikuwa bado imefungwa tulipotoka, kwa hiyo hatukurudi nyumbani. Tukapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi wilayani.

Mkaguzi wa kazi ni kijana aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama shuka lililopita kalandri. Akaandika maelezo ya Ornella yote, akasema atakwenda kuikagua ile mashine mwenyewe, na mtoto akayasoma yote, akatia sahihi. Halafu akanigeukia. "Na wewe mama, umekuja kama nani?"

"Kama aliyemleta," nilisema. Nikadhani nimemaliza. Kisha nikaomba karatasi nyingine.

Alinionya kwa upole kwamba mambo ya zamani namna ile huenda yasifike popote, na kwamba uliyefungua bolti umeshakufa. Nikamwambia aandike tu, nataka mahali pamoja duniani paandikwe kwamba sikuwa nacheza.

Jumamosi watakuja wote uliowaingiza kazini, Tonton, na watoto wao wanaotafuta kazi sasa. Watavaa vizuri, na nitawasomea barua hii hadi mstari wa mwisho. Tante atanichukia, najua, na huenda asinisemeshe tena. Lakini mmoja wao akitoka pale akamuuliza tajiri wake kilipo kibao cha mashine, sitajuta. Nitawaambia pia kwamba ulivua shati lako ukanifunga nalo. Sijui niliweke wapi jambo hilo. Sijakusamehe, na mimi mwenyewe sijajisamehe, lakini wewe umeshalala na mimi bado nina mtoto anayekwenda kazini.

Kwaheri, mjomba wangu. Ile sahihi ya hospitali ilikuwa yako. Hii ni yangu.

Mpwa wako,
Espérance
kwa mkono wa kushoto