Kijerumani cha Zizini

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimeanza! Mwalimu Nikodemo amekubali kutufundisha Kijerumani, mimi na Selemani muuza mitumba. Mwalimu alisomea umakanika Ujerumani Mashariki, akarudi ukuta ulipoanguka. Siku hizi mambo ruksa, wageni wanamiminika Lushoto, na ile ofisi mpya ya kuwatembeza inataka mtu wa Kijerumani. Mmoja tu. Wa Kiingereza wamejaa. Mama kasema nikikosa, mwezi wa nane naenda Bulwa kwa shangazi kuchuma chai. Chai naipenda ikiwa kikombeni.

Alhamisi, 13 Juni

Selemani ana kipaji, Mungu anisamehe wivu wangu. Anasikia neno mara moja, analirudisha na sauti ya Mwalimu, hata kikohozi chake! Mimi mara ishirini na bado linaniteleza. Leo wote wawili wamecheka nilivyotamka. Nimelia njia nzima hadi nyumbani Kwai. Halafu nikaanza upya, neno la kwanza.

Jumapili, 30 Juni

Baada ya ibada nimekamua huku nikimsemesha ng'ombe Kijerumani. Ndama, maziwa, majani, mkia. Kapiga teke ndoo! Mama anauliza kama nina pepo. Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba. Akasema kibaba chake kiko matopeni, nikachote.

Lakini jana nimeota kwa Kijerumani! Sikuelewa yote.

Jumanne, 16 Julai

Mtihani wenyewe ndio huu: kuna bibi Mjerumani, mgeni wa ofisi. Kila mmoja wetu anamtembeza hadi Irente kuona bonde, kisha yeye atasema anamtaka nani. Leo ilikuwa zamu ya Selemani. Mwalimu aliwafuata nyuma, anasema kijana alitiririka: misitu, vinyonga, mashamba ya Wajerumani wa zamani. Hakukosea hata mara moja.

Basi. Nifunge mzigo wa Bulwa.

Alhamisi, 18 Julai

Nimeharibu. Au sijui.

Bibi ana mvi, rika la nyanya yangu. Mtu mzima vile, nitaanzaje kumweleza miti kabla hatujasalimiana? Na sisi Washambaa salamu zetu si moja. Nikamwuliza kalalaje. Watoto je? Majirani? Mvua huko kwao? Ng'ombe? Yote polepole, kwa Kijerumani changu cha zizini. Mwalimu akaninong'oneza nyuma kwamba Wazungu salamu moja inawatosha, nisonge mbele! Amechelewa — nilikuwa nimeshauliza kama mzee wa nyumbani hajambo.

Bibi akasimama. Akakaa juu ya jiwe. Nikasema moyoni, Bulwa hiyo.

Kumbe anajibu! Mzee wake amefariki mwezi wa tatu. Walikuwa wafugaji, ng'ombe saba, wote wameuzwa. Ndama wa mwisho alizaliwa siku ya mazishi. Hapo nilielewa kila neno. Mengine yalinipita. Sikujua kwao wanatoaje pole, basi nikamshika mkono, nikakaa naye. Akasema weee, akasema! Muda wangu ukaisha, na Irente hatukufika. Kurudi, Mwalimu alitangulia mbele akitikisa kichwa.

Ijumaa, 19 Julai

Bibi hajachagua. Kasema kesho asubuhi anatutaka wote wawili pamoja, tena hadi mwisho wa njia.

Sasa hivi Selemani kabisha hodi. Kampa Mama shikamoo, kisha kaniuliza bila kuzunguka: "Dada Esteria, ulimwambia nini yule bibi? Mimi kanijibu 'vizuri' tu mpaka tukarudi." Anataka nimfundishe. Mimi, nimfundishe yeye! Nimefurahi hadi nikaona aibu, nikakimbilia chumbani, eti natafuta kitambaa.

Nikimpa maneno atayashika kabla chai haijapoa, na nafasi ni moja. Nikimnyima, nitamtazamaje kesho njiani? Naogopa Bulwa. Naogopa na huo uchoyo wangu.

Mama anaita, mgeni ananingoja. Haya, natoka. Nitampa salamu zote, mpaka za ng'ombe. Halafu nitamwambia akishauliza, anyamaze ajibiwe. Hilo ndilo sijui kama atalishika mara moja.