Radi ya Kipupwe

Dada yangu Salma,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulimi wangu haujazoea kukutaja bila kukuamkia.

Wiki nzima Tabora imekuwa na upepo wa baridi, na kila ukivuma nakuona pale kituo cha hali ya hewa, sweta la kijivu mabegani, umeinamia ramani ya Afrika nzima. Habari ziliingia kwa simu za upepo kutoka kusini, kutoka Kongo, kutoka pwani, nawe ukazigeuza mistari ya penseli. Baba hakuelewa kazi yako hata siku moja, ila alifurahi wenye maduka wenzake walipoanza kumwuliza kama waanike mpunga.

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu karibu na Ziba. Watu waliletwa kwa malori wakati wa kiangazi, wakajenga vibanda vya nyasi kwenye mbuga tupu. Jengo imara lilikuwa moja tu, shule yetu ya tofali na bati, pale kwenye mwinuko.

Wewe uliona baridi kali ikipanda kutoka kusini mwa bara, ikienda kukutana na hewa yenye unyevu ya Kongo. Wenzako walisema kipupwe hakina radi huku kwetu. Ukaomba ruhusa kwa mkuu wako, ukapiga simu ofisi ya kata. Mwenyekiti wa kijiji akaniletea ujumbe wako kwa baiskeli: dhoruba inakuja kabla ya jioni, watu watoke vibandani, waingie shuleni. Tukawakusanya. Mama Kulwa alikuja na mapacha wake, Kulwa na Doto, akanitania kwamba dada yangu anawazuia watu kuchota maji na jua lote lile.

Ikaja kama ulivyosema. Upepo uling'oa vibanda vyote, hakikubaki hata kimoja. Kisha radi ikapiga shule. Sikusikia mlio, niliona weupe tu, halafu harufu ya kitu kilichoungua. Watu watatu hawakuinuka. Kulwa alikuwa mmoja wao, vidole vyake bado vimeshika shati la Doto.

Ulikuja kwenye mazishi na lori la serikali. Ulipiga magoti mbele ya Mama Kulwa. Yeye ndiye aliyekushika.

"Mwanangu, tungebaki kule vibandani tungekwisha sote," alisema.

Ulimsikia, lakini hukuamini. Tulipokuwa tukirudi ulininong'oneza, "Mimi ndiye niliyesema waingie ndani."

Ulifanya kazi ile mpaka ukastaafu, na naamini waliopona kwa sababu yako ni wengi. Lakini sisi wa nyumbani tulijua. Ukishatoa onyo la radi, ulikuwa huweki kitu mdomoni mpaka habari zirudi. Uzeeni ukawa unaniita kila ngurumo zikianza, uniulize kama wale watu wametoka shuleni. Nilikujibu wametoka, dada. Hata sasa mawingu yakikusanyika nasikia swali lile likitoka chumbani mwako, nami najibu, na chumba ni kitupu.

Siku ya arobaini yako Doto alikuja. Ana mvi sasa. Tulikuwa tumekaa uani mvua ya radi iliposhuka, watu wakakimbilia ndani. Yeye akabaki amesimama mvuani. Nilimwita kutoka mlangoni.

"Ingia, mwanangu."

"Nisamehe, mwalimu. Siwezi."

Nilitoka nikamshika mkono. Akaniambia kwamba miaka yote alitaka kuja kukushukuru kwa ajili ya mama yake, aliyeishi akawaona wajukuu, ila kila alipoufikiria mlango wa nyumba yetu miguu ilikataa. Tulisimama hivyo mpaka ngurumo zikapita.

Pumzika, dada. Shukrani zake nimezipokea kwa niaba yako, na sijui nizipeleke wapi.

Mdogo wako