Sabuni Katika Gari la Mfaume

Ndola, Zambia
Ijumaa, baada ya sala

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako nimeisikia kabla hujaitamka, marahaba, mama. U hali gani huko Tingi? Magoti je? Mikorosho ya kijiji imechanua? Mimi miguu imevimba, na daktari anasema moyo umechoka. Naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Neno hili siwezi kumpa mtu aniandikie.

Uliniarifu kwamba malori ya Mfaume sasa ni ya ushirika, na kwamba amebaki Kivinje na duka tupu na lile gari la mashindano uani, halijaguswa tangu livutwe kutoka mtoni, kuku wanatagia ndani. Nilicheka mpaka nesi akaja kunishika kifua. Kicheko hicho sikitubii.

Gari lile nililitengeneza mimi. Wewe ulikuwa mke wa Shomari wakati ule, ulituona. Mwaka wa kwanza mawe ya milima ya Matumbi yalipasua tumbo la injini, tukarudi tukivutwa na trekta. Nikalifungia bamba la chuma chini. Mwaka wa pili springi zikakatika njiani. Nikafunga za lori, nikazikata zitoshe, tukamaliza wa mwisho. Lakini tulimaliza! Ikabaki shida ya maji, kwa sababu mashindano yalikuwa ya masika na magari yote yalizimika mitoni. Nikamkumbuka marehemu baba na kazi yake ya kupiga kalafati. Nikaunda kisanduku cha bati, nikaifunika distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Mishono yake nikaishindilia pamba iliyolowa mafuta ya papa, kama baba alivyoziba mbao za mashua. Mwaka wa tatu, Mfaume kwenye usukani na Shomari pembeni akisoma njia, tulivuka kila mto. Tukawa wa kwanza.

Mwandishi wa gazeti kutoka Dar akauliza fundi ni nani. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwao, mikono ikinuka papa.

"Fundi ni mimi," Mfaume akasema. "Huyu mzee? Huyu anaziba mitumbwi. Tunamchukua atufutie vioo."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akanitupia kitambaa. "Haya babu, kioo kile kinakungoja!"

Nikafuta. Mimi niliyefundisha watoto hesabu kabla ya kushika spana, nikafuta kioo, naye akinitazama.

Mwaka wa nne, siku moja kabla ya kuondoka, niliing'oa pamba ya mshono wa chini. Mahali pake nikashindilia sabuni ya kufulia niliyoichanganya na masizi. Hata baba angeitazama angesema ni kalafati. Nilijua itayeyuka kwenye mto wa kwanza wenye kina. Nilijua pia kwamba Mfaume hatakuwa na wa kumlaumu, maana ufundi alikwisha kusema ni wake.

Nilisubiri ng'ambo na vifaa, nikiingojea aibu yake. Gari likazima katikati ya mto. Mfaume akashuka, maji kiunoni, akamgeukia mumeo.

"Umenipitisha kwenye kina makusudi! Umekula njama na wapinzani wetu!"

"Wallahi, Bwana Mfaume, ni palepale tulipopita mwaka jana!"

"Msaliti mkubwa wewe!"

Watu wa ukingoni wakalidaka. "Msaliti! Mpeni kasia, apige!"

Jioni ile ulinijia unalia. "Kaka, wewe ulikuwepo. Ni kweli alivyofanya Shomari?"

Nikakujibu, "Sikuona vizuri."

Kwa maneno hayo ukaamini ni msaliti kweli, ukadai talaka, naye akaenda kujificha Mitwero, anaziba pancha za baiskeli mpaka leo, na jina la Msaliti halijamtoka. Yeye hakufanya kosa lolote. Nimekukosea wewe, nimemkosea yeye. Nawaomba radhi nyote wawili, na mkininyima, ni haki yenu.

Nenda Mitwero ukamchukue. Mfike Kivinje asubuhi, watu wakiwa wengi sokoni. Mwambie Mfaume afukuze kuku, afungue boneti, atoe kisanduku. Mishono mingine mtaikuta na pamba yake, kavu na ngumu. Wa chini ni mtupu. Hapo isome barua hii kwa sauti, na lile la mitumbwi usiliruke.

Nisalimie shangazi Zuhura, msuka mikeka. Mjomba Hemedi, muadhini wetu. Na binti yako Salma, anayewafundisha wazee kusoma. Akusaidie macho yakikushinda.

Mfaume akiuliza kama yeye nimemwomba radhi, mwambie hapana. Mpe kitambaa. Afute kioo, Shomari akitazama.

Kaka yako, aliyekunyima mume,
Athumani