Ritani ya Sifuri

Verlyn,

Nimempeleka mama kliniki. Nyama na viazi vimo kwenye oveni. Pasha moto, usile baridi huku umesimama kama farasi. Na ondoa theluji mlangoni kabla haijaganda.

Ile barua ya kodi ya jimbo uliyoificha nyuma ya birika la kahawa nimeiona asubuhi hii. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma ritani, ile taarifa ya kodi ya mauzo! Najua utasema, "Kibanda cha aiskrimu tumekifunga tangu Septemba, hatujauza hata koni moja, niwaambie nini?" Waambie hivyo hivyo, mume wangu. Ukinyamaza, watu wa kodi huona umeuza ukaficha, halafu wanakukadiria kodi wenyewe, na faini juu yake. Nusura nikuamshe kwa kelele.

Basi nikaingia mtandaoni. Mauzo: sifuri. Kodi: sifuri. Nikabonyeza "tuma," na namba ya uthibitisho ikaja papo hapo. Nimeibandika kwenye friji. Dakika nne tu! Nilishusha pumzi mpaka paka akashtuka.

~~Usinisubiri, kula tu.~~ Nisubiri tule pamoja. Tangu tufunge kibanda unakula kimya, na mimi nabaki kukadiria mwenyewe nimekukosea nini. Kila nikikadiria, kosa nalipandisha. Kama huna la kusema, niambie huna. Hata sifuri nataka kuisikia.

Mkeo, karani wako asiye na mshahara,
LaDonna