Nyuzi Ishirini na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Transista nne za inveta yetu zimeungua tena leo. Harufu yake sasa naijua kuliko manukato yangu mwenyewe. Bosi kaja, kachungulia, kauliza kama nazichoma makusudi. Mtu mwema, lakini utani wake siku hizi haunichekeshi.

Karatasi ya vipimo kutoka kiwandani inasema kila moja inabeba ampea mia na themanini. Mimi nilizipitishia sitini tu. Sitini! Nikarudi kuisoma yote, mpaka mwisho, macho yanawasha. Ukurasa wa kwanza: 180, maandishi manene. Chini yake, herufi ndogo kama sisimizi: iwapo mgongo wa transista utabaki kwenye nyuzi joto ishirini na tano. Ndani ya sanduku la bati la inveta! Na huko nyuma kabisa, ambako hafiki mtu: miguu yake haivumilii zaidi ya ampea sabini na tano.

Hawajadanganya. Kila kitu wamekiandika. Wamekipanga tu vizuri. Nimechoka, nalala.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwonyesha Bosi. Yeye hasomi zaidi ya ukurasa wa kwanza wa kitu chochote, ndiyo maana karakana nzima tunamwita Ukurasa wa Kwanza — akiwa hayupo. Kasema hata wenzetu wa karakana nyingine wanasoma ukurasa huohuo, na inveta zao zinauzwa. Stika zetu zimeshachapwa: WATI 3000. Kwa hesabu yangu ni elfu moja na mia mbili, tena feni ikiwa nzima. Anataka niweke sahihi kwenye cheti cha majaribio, mzigo uondoke Jumatatu. Nikajibu nitaangalia. Jibu la mwoga hilo.

Kinachonifunga mdomo ni mama. Inveta ya kwanza kabisa kutoka mikononi mwetu, Bosi alimpa yeye, ili umeme ukikatika mashine yake ya oksijeni isizime. Bure. Aliibeba mwenyewe mpaka sebuleni, akaiunganisha na betri, hata chai hakunywa. Tangu siku hiyo mama akiomba dua humtaja Bosi kwanza, mimi baadaye.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi kafanya jaribio lake mbele ya wafanyakazi wote. Juu ya meza yangu, mfuniko wazi, madirisha wazi, feni kubwa ya stoo ikivuma. Kachomeka pasi mbili na birika. Inveta ikatulia kama maji ya mtungi. Watu wakapiga makofi. Akanigeukia, taratibu kabisa: umeona, mwanangu?

Niliomba tufunge mfuniko turudie. Kasema utafungwa wakati wa kupakia. Fundi wa lehemu akanikanyaga mguu chini ya meza, maana yake ninyamaze. Ana watoto wanaosoma, simlaumu.

Nikaanza kukunja nyaya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda kwa mama. Dada, anayekaa naye, ameisukumia inveta ndani ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma, juu yake picha ya marehemu baba. Eti ilikuwa inakusanya vumbi. Na ameichomekea friji, pasi na birika! Nikauliza kwa nini. Kanitazama kama mimi ndiye mjinga: si imeandikwa elfu tatu? Na si nyinyi mlioandika?

Nikaitoa kabatini, nikachomoa kila kitu isipokuwa mashine ya mama, nikamsihi dada aache hivyohivyo. Kaitikia ile "sawa" yake. Mama akauliza mbona nakivua nguo chombo cha watu. Nilicheka, kisha nikaenda bafuni nikalia kidogo. Umeme haukukatika siku nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimekuta cheti mezani, kalamu juu yake. Lori liko getini, linanguruma. Kabla sijakaa, dada kapiga simu: umeme umekatika tangu alfajiri, inveta inanuka. Nikachukua mkoba, cheti nacho nikakitupia humo, nikatoka bila kuaga.

Naandikia hapa kwa mama, sakafuni. Ilikuwa imerudishwa kabatini, kitambaa juu, na dada alikuwa anapiga pasi. Analia. Nimechomoa vyote. Mashine ya mama peke yake ni mzigo mdogo, inveta ingeubeba bila shida kama feni yake ya ndani isingeungua. Nimetoa mfuniko. Bati la kupozea siwezi kuliwekea kidole. Gari la hospitali wamesema linakuja. Tunapepea kwa zamu. Cheti kinafaa, karatasi yake ngumu.

Bosi kapiga simu. Kiko wapi cheti, lori linasubiri. Nikamwambia ndicho tunachopepea inveta ya mama. Halafu akauliza, sauti ya chini sana: mfuniko umeufunga?

Kumbe anajua. Anajua!

Nikasema uko wazi. Akakata. Sijui kama anakuja huku au ameruhusu lori liondoke.

Mama kasogeza mrija puani, anauliza nani huyo. Nikamwambia Bosi. Kasema nimsalimie sana, nimwambie chombo chake bado kinafanya kazi. Umeme haujarudi. Dada mkono umemchoka, ananiita, zamu yangu