Vigelegele Visubiri Injini Ndogo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Mgori tu wazima, alizeti imechanua, na hakuna fundi wa matrekta ya zamani anayemfikia baba yako. Nilimzaa mimi!

Umeuliza kwa nini hataki kelele mpaka ile injini ndogo ya petroli, inayoamsha injini kubwa ya trekta, izimwe. Siku tulipofungua shamba la kijiji cha ujamaa, kubwa ilinguruma, wanawake tukapiga vigelegele, changu kikiwa juu ya vyote. Baba yako akasimama kutupungia kama bwana harusi, akasahau kuvuta mkono wa chuma unaoitenganisha ndogo na kubwa. Kubwa ikaizungusha ndogo kupita uwezo wake. Ndogo ikapasuka! Kipande cha chuma kikatoboa debe la maji kichwani kwa wifi yangu.

Wifi, maji yakimtiririka, akasema, "Mwanao anataka kuniua au kuniogesha?"

Hakuna aliyecheka.

Msimu ule tulilima kwa jembe, tuyaache hayo. Ndogo nyingine ilipopatikana, kubwa ikawaka, nikafungua mdomo.

"Mama, nyamaza!"

Mbele ya kijiji kizima! Mwanangu mwenyewe! Akaitenganisha ndogo, akafunga petroli, akaiacha imalize iliyobaki mpaka ikanyamaza yenyewe. Ndipo akanigeukia.

"Sasa piga, mama."

Mjukuu wangu, nilikipiga mpaka mbuzi wakakata kamba.

Bibi yako, mama wa fundi