Viambatisho vya Mzee Yeremia

Mama Neema mpenzi,

Baridi ya Sydney inaingia mpaka kwenye meno. Hapa chuo cha uchungaji kila kitu kinaitwa kwa herufi tatu. Juzi tulipewa fomu ya RPL: ukionyesha kazi ya kanisa uliyokwisha kuifanya, chuo kinakupunguzia masomo. Mimi nikaambatisha vyeti vinne.

Mwanafunzi mwenzangu Mzee Yeremia, Mrundi aliyechunga kanisa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi bila cheti, leo ameingia darasani na watu kumi na mmoja. Ni waumini wake wa kambini, siku hizi wanaishi huku; wamepanda treni kutoka kitongoji cha Merrylands, na chapati zao kwenye mfuko. Wakasimama mmoja mmoja, mimi nikitafsiri: mzee huyu alinibatiza, mzee huyu alimzika mwanangu.

"Karatasi sina," mzee akasema. "Watu ndiyo hawa."

Mwalimu akaichukua fomu yake, na kwenye nafasi ya viambatisho akaandika: watu kumi na mmoja.

Wabusu watoto. Jioni yote nimeviangalia vyeti vyangu. Nani angenipandia treni, mke wangu, ukiacha wewe?

Wako,
Baba Neema